Harufu ya moshi kwenye nguo: kwa nini siki peke yake haitoshi, na namna tunavyoiondoa hapa Goma

MfuajiWaBirere

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Goma. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu, na malalamiko ninayoletewa mara nyingi, kuliko hata ya madoa, ni haya: nguo imefuliwa, imekauka, imekunjwa vizuri, lakini mwenyewe akiivaa na kutokwa jasho kidogo, moshi unarudi palepale. Katika mji ambao karibu kila ua una mbabula, yaani jiko la makaa, ambao kwenye matanga watu hukesha wakiota moto, na ambao mishikaki huchomwa kando ya barabara mpaka usiku, jambo hilo halishangazi. Linaloshangaza ni ushauri unaozunguka kila mahali kwamba mtu aloweke kila kitu katika siki na mambo yataisha. Siki ina kazi yake, lakini kwa moshi wa kuni na makala, yaani makaa, haipaswi kutangulia, na sababu yake inaeleweka bila shida.

Kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha, lignini, yaani kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti, huvunjika na kutoa lami laini pamoja na vitu vya jamii ya fenoli, hasa gwayakoli na siringoli. Ndivyo hivyo vinavyompa samaki wa kukaushwa kwa moshi harufu yake, na kwa samaki tunavisifu. Vina asili ya mafuta, pua huvitambua hata vikiwa vichache mno, na hupendelea kubaki katika uzi kuliko kuondoka na maji matupu. Moshi huohuo hubeba pia asidi asetiki, ambayo ndiyo asidi iliyomo ndani ya siki. Kwa hiyo anayemwagia siki nguo yenye moshi wa kuni anaongeza asidi juu ya asidi. Fenoli zenyewe ni asidi dhaifu, na zikikutana na maji yenye alkali ya kutosha (alkali ni kinyume cha asidi), yaani yanayofika 10 na kuendelea kwenye pH, kipimo cha asidi na alkali, hugeuka chumvi inayoyeyuka majini na kutoka. Bikabonati ya mandazi hufika 8 na sehemu kidogo tu. Inatuliza asidi, lakini fenoli inaziacha zilipo. Kinachofaa ni magadi ya kufulia, yaani kaboneti ya sodiamu, ambayo maji yake hufika karibu 11.

Ambaye haoni magadi ya kufulia dukani anaweza kuyatengeneza kutokana na bikabonati. Weka bikabonati katika kikaango cha chuma kilicho kikavu, juu ya mbabula yenye moto wa wastani, na uikoroge polepole kwa kijiko cha mti. Baada ya muda unga utaanza kutoa vipovu na kutembea wenyewe ndani ya kikaango, kwa sababu mvuke na gesi ya kaboni vinatoka kati ya chembe zake. Ukitulia kabisa na kuwa mzito chini ya kijiko, huku uso wake umepoteza mng'ao, kazi imekwisha. Uzito wake utakuwa umepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Usiinamie kikaango, maana vumbi lake linawasha pua na macho, na usitumie chombo cha alumini wakati wa kuuchanganya na maji, kwa kuwa alkali inaila alumini na kuiacha nyeusi.

Kwa nguo za pamba mimi huanza kwa kuzikung'uta nje na kuzianika zikiwa kavu mahali penye upepo, nusu siku hivi, kabla ya kuzigusisha maji, kwa kuwa sehemu ya harufu ni mvuke utakaoondoka wenyewe bila kutugharimu kitu. Kisha huyeyusha vijiko viwili vya mezani vya magadi katika lita kumi za maji ya moto ndani ya beseni la plastiki, hugeuza nguo ndani nje, na kuizamisha yote kwa muda wa dakika 30 hadi saa moja. Baada ya muda huo maji hupata rangi ya chai hafifu. Hiyo ndiyo lami ya moshi inayotoka, na mteja akiiona kwa macho yake habishani nami sana kuhusu bei. Maji hayo humwagwa, nguo hulowekwa tena katika maji mapya ya magadi, na mzunguko wa pili ukitoka bila rangi, ndipo nguo hufuliwa kwa sabuni kama kawaida. Kufikicha kwa nguvu hakuharakishi lolote. Kunachosha kitambaa tu.

Siki huja mwishoni. Baada ya kusuuza mara mbili au tatu, nusu kikombe cha siki nyeupe katika lita kumi za maji ya kusuuzia huondoa mabaki ya alkali na ya sabuni, na nguo inakuwa laini. Hata hivyo, ni lazima isiwepo javeli, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, mahali popote katika kazi hiyo. Javeli ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo inaunguza mapafu. Na hata bila siki, kwa nguo yenye moshi javeli ni adui: klorini yake hushikana na fenoli na kuzaa klorofenoli, ambazo harufu yake ni kali kuliko moshi tuliouanza nao. Wale wanaosema kwamba nguo imetoka kwenye javeli ikinuka dawa ya hospitali wanasema kweli tupu.

Jambo la mwisho kwa sasa ni maji. Sisi wa Goma hatuna mto, kwa kuwa mvua huzama moja kwa moja katika miamba ya volkano, na wengi tunafulia maji ya Ziwa Kivu au tunanunua kwa bidoni za lita 20. Maji ya ziwa letu yana chumvi nyingi, magnesiamu ikiwemo, na sabuni ya kipande ikikutana nayo hutengeneza utando mweupe unaoganda kwenye uzi na kufungia harufu ndani. Atumiaye maji ya ziwa afue kwa sabuni ya unga, ambayo haisumbuliwi sana na chumvi hizo, na kama ana maji ya mvua aliyoyakinga, ayatunze kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho.

DadaWaHimbi

Asante sana, kaka, kwa maelezo haya yaliyochambuliwa. Nina nyongeza moja na swali moja. Mama yangu hakuwahi kununua magadi maisha yake yote. Alichota majivu ya mbabula, akayatia maji, akayaacha yalale, na asubuhi akalowekea yale maji ya juu. Mashuka yetu hayakuwa na moshi, ingawa jikoni na chumba cha kulala vilitenganishwa na pazia tu. Je, hiyo si kazi ileile bila kutumia pesa? Na swali langu: vikwembe vyangu, yaani vitenge, vinatoa rangi hata katika maji matupu, sasa vitapona kweli katika hayo magadi?

MfuajiWaBirere

Dada, mama alikuwa anafanya kemia kamili. Majivu ya mti yana kaboneti ya potasiamu, ambayo ni ndugu ya magadi na inafanya kazi ileile. Utaratibu mzuri ni kuchekecha majivu ili vipande vya makala vibaki nje, kuyatia maji ya mvua kama yapo, kuyakoroga, kuyaacha usiku kucha, na kuyateka yale maji masafi ya juu kwa kuyapitisha katika kitambaa kizito. Usipoyachuja vizuri yataacha rangi ya manjano kwenye nguo nyeupe. Ukiyagusa yatateleza kati ya vidole, na hapo ujue yana nguvu. Shida yake ni kwamba hayana kipimo: majivu ya leo si sawa na ya jana. Watengenezaji wa sabuni hupima kwa yai bichi, na likielea wanafurahi. Kwetu yai likielea maji hayo ni makali mno kwa nguo na kwa mikono, kwa hiyo yaongezewe maji mara kadhaa. Usitumie majivu ya mahali palipochomwa plastiki au mbao zilizopakwa rangi.

Kuhusu vikwembe, jaribu kwanza pembe ya ndani ya pindo: ilowe kwa maji ya magadi, ikandamize kwa kitambaa cheupe, ungoje dakika kumi. Kitambaa kikichukua rangi nyingi, usiloweke. Badala yake tumia maji baridi, sabuni ya unga kidogo, dakika chache, kikwembe kimoja katika beseni lake, kisha ukianike kivulini penye upepo kwa siku mbili. Kikwembe kilichochapwa vizuri, chenye rangi iliyopenya pande zote mbili, kwa kawaida huvumilia magadi ya uvuguvugu.

MwalimuKatindo

Naomba kuuliza kuhusu sare za shule. Watoto wanakuja na mashati meupe yaliyofuliwa vizuri, lakini darasa likijaa na madirisha yakifungwa kwa ajili ya mvua, harufu ya jiko inatawala. Wazazi wanajitahidi, sitaki kuwaaibisha watoto kwa jambo ambalo si kosa lao. Mashati mengi yana poliesta, na katika miezi ya mvua nguo zinachukua siku mbili kukauka. Wazazi niwaambie nini ambacho hakitawaongezea gharama?

MfuajiWaBirere

Mwalimu, umefanya vizuri kuwaondolea watoto lawama, maana mara nyingi shati hilo lilitoka kwenye beseni likiwa safi na likapata moshi kwenye kamba. Mvua inaponyesha, mahali pakavu pekee nyumbani ni pale juu ya mbabula, na shati bichi linapoanikwa hapo linapokea moshi kuliko kavu, kwa sababu unyevu unavishika vitu vile vya moshi vinavyoyeyuka majini. Nguo ikikaukia hapo, joto linaigandisha lami ndani ya uzi. Kwa hiyo neno la kwanza kwa wazazi ni kuhusu kamba: iwe barazani chini ya mabati, au katika chumba ambacho hakipikiwi, hata kama nguo itachelewa kukauka. Kuikamua vizuri ndani ya taulo kavu, kwa kuvisokota vyote viwili pamoja, kunapunguza muda wa kukauka sana.

Poliesta inapenda mafuta, na lami ya moshi ni ya mafuta, ndiyo maana shati la namna hiyo linabaki na harufu baada ya kufuliwa. Matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, yakipakwa kwenye kola na kwapa kabla ya kuloweka, yanasaidia kuliko kuongeza sabuni ya kipande. Magadi linayavumilia, lakini maji yawe ya uvuguvugu, kwa kuwa yakiwa ya moto sana shati litapata mikunjo isiyotoka kwa pasi. Na javeli, ambayo wazazi wengi wanaikimbilia kwa sababu shati ni jeupe, naomba uwakataze kwa sauti yako ya darasani.

MtuWaKamalondo

Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mimi nina mashaka kidogo na hiyo hukumu juu ya siki. Nguo ninazotoka nazo baa hunuka sigara, na mimi huziloweka katika maji yenye siki, na harufu inatoka. Sasa mfuaji anasema siki haipaswi kutangulia. Pia nina koti la sufu nililolinunua kwenye chaguwa, soko la mitumba. Huku kwetu usiku wa mwezi wa sita na wa saba kuna baridi kali, tunaota moto uani, na koti hilo sasa linanuka mpaka mke wangu analitoa nje ya chumba.

MfuajiWaBirere

Ndugu, hatugombani, kwa sababu unazungumzia moshi mwingine. Tumbaku ina nikotini, na nikotini si asidi, bali ni alkali. Ndiyo maana siki inaikamata: asidi inaigeuza chumvi inayoyeyuka, na maji yanaondoka nayo. Lakini sigara nayo ina lami na fenoli kama mti wowote unaoungua, kwa hiyo siki peke yake inafanya nusu ya kazi. Kwa nguo za baa, loweka katika siki kwanza, kikombe kimoja kwa lita kumi, nusu saa, suuza kabisa, kisha upite kwenye magadi na sabuni. Ukivichanganya vyote viwili katika beseni moja vitauana, na utapata povu zuri la kutazama na maji yasiyo na nguvu yoyote.

Koti la sufu ni habari tofauti kabisa, na hapa naomba usisikilize neno hata moja nililolisema juu ya magadi wala majivu. Sufu ni nywele za mnyama, na alkali inazila. Utatoa koti gumu lililonywea. Hariri nayo ni hivyohivyo. Litundike nje kivulini, kwenye kitundikio kipana, siku kadhaa mfululizo ukiliingiza ndani kabla ya umande, kwa kuwa sufu inapokea harufu haraka lakini pia inaiachia hewani kuliko pamba. Lipige piga kwa brashi laini ili masizi yatoke. Halafu nyunyiza bikabonati kavu, ile ya mandazi isiyokaangwa, uiache usiku mzima, uipige brashi asubuhi. Ikibidi kulifua, tumia maji baridi na sabuni ya maji iliyo laini, bila kufikicha na bila kubadilisha ghafla joto la maji, na tone la siki katika suuzo la mwisho halitaliumiza. Koti lenye bitana nzito na mabega yaliyojazwa lipelekwe kwa presingi, yaani duka la kusafisha nguo, lakini uliza kwanza kama wanasafisha kwa dawa kavu au wanafua kwa maji nyuma ya nyumba. Dawa kavu inayeyusha lami ya moshi vizuri sana. Maji ya nyuma ya nyumba unayo hata wewe.

MamaWaKadutu

Mimi niko Bukavu, na swali langu ni zito zaidi ya jiko. Nyumba ya jirani yetu iliungua, na moto haukufika kwetu, lakini moshi na masizi viliingia katika kabati lote. Nimeanza kufuta masizi kwa kitambaa chenye maji na yanazidi kusambaa. Nifanye nini?

MfuajiWaBirere

Pole sana, mama, na pole kwa jirani. Kwanza acha kitambaa chenye maji. Masizi ni unga wenye mafuta, na ukiyasugua yakiwa yameloa unayasukuma ndani ya uzi. Peleka nguo nje mojamoja, zikung'ute huku umefunga pua na mdomo, kisha zipige kwa brashi kavu ukielekea upande mmoja tu. Mpaka hapo usitumie maji, wala pasi, wala jua kali.

Moshi wa nyumba si wa mti peke yake. Ndani yake kuna plastiki, povu la magodoro, nyaya na rangi, na plastiki ya nyaya na mabomba ikiungua hutoa asidi ya kloridi, ambayo inadhoofisha uzi kadiri inavyokaa. Kwa hiyo usisubiri wiki. Pamba na poliesta zipite katika magadi mara mbili au tatu, zikitenganishwa zile zilizochafuka sana na zile zilizopata harufu tu, kwa kuwa zikiwa pamoja zitaambukizana. Nguo za mtoto mchanga zilizoingia masizi mengi mimi singezirudisha mwilini mwake. Vyakula vilivyokuwa wazi katika chumba hicho vitupwe pia. Na kabati lenyewe lifutwe ndani kwa maji ya sabuni na kuachwa wazi mpaka likauke kabisa, la sivyo litazirudishia nguo safi harufu ileile.

DadaWaHimbi

Kaka, na ile harufu ya volkano? Kuna siku upepo unaleta moshi wa Nyiragongo au wa Nyamulagira mpaka koo linakauka, na nguo za kwenye kamba zinapata ukali fulani ambao si wa makala. Nyingine hukutwa na vumbi jeusi.

MfuajiWaBirere

Hiyo ni rahisi kuliko ya jikoni, kwa kuwa haina lami. Ukali huo ni wa dioksidi ya salfa, ambayo ikikutana na unyevu wa nguo inakuwa asidi. Bikabonati ya kawaida inatosha kuituliza. Vumbi la volkano, kinyume chake, usilifikiche kabisa, kwa maana ni chembe za mwamba na kioo zinazokata nyuzi. Kung'uta, kisha maji mengi ya kupita, kisha ndipo sabuni.

MwalimuKatindo

Nimewapa wazazi maelezo ya kamba na ya sabuni ya vyombo. Mmoja amenijibu kwamba nyumbani kwake nguo hazianikwi jikoni, na bado shati linanuka likishapigwa pasi. Pia amesema yeye hasikii harufu yoyote, watu wengine ndio wanaomwambia.

MfuajiWaBirere

Mzazi huyo anatumia pasi ya makala, sina shaka. Makala mapya yanapowashwa hutoa moshi mwingi, na yakitiwa ndani ya pasi kabla hayajashika moto wote, moshi unatoka kwenye matundu ya pembeni na kuingia katika shati lililonyunyiziwa maji, yaani katika hali ileile ya kupokea harufu tuliyoisema. Makala yawashwe nje kwenye mbabula mpaka yawe mekundu na kufunikwa na majivu meupe, ndipo yatiwe kwenye pasi kwa koleo, na pasi ipeperushwe dakika chache mbali na meza ya kupigia. Wakati wa kuyachochea aelekeze matundu upande usio na nguo.

Kuhusu pua, ni kweli kwamba anayeishi na moshi hausikii, na hata mimi kazini kufikia mchana siamini pua yangu. Aiweke nguo kavu ndani ya ndoo safi yenye kifuniko, aiache juani kwa saa moja, kisha amwite mtu aliyetoka nje ya nyumba hiyo aifungue na kunusa kwa haraka. Kama mtu huyo atasita na kunusa mara ya pili, shati lirudi kwenye magadi.